Miaka 15 nikisubiri kibali cha elki dume Utah: anayetaka kuanza kukusanya pointi asome hapa kwanza

Mkwezi_wa_Plateau (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa idara ya wanyamapori ya jimbo la Utah ukinijulisha kwamba sikupata kibali katika droo ya elki dume. Huu ni mwaka wa 15 mfululizo kupokea ujumbe wa namna hiyo, na nilikuwa nimekwisha kulijua jibu kabla haujafika, kwa sababu anayepata kibali hukatwa fedha kwenye kadi ya benki siku kadhaa kabla ya matokeo kutumwa, na kadi yangu ilikuwa kimya. Ninaandika kwa sababu Waswahili tunaowinda huku tumeanza kuwa wengi kidogo, na vijana wanaoniuliza kama waanze kukusanya pointi wanastahili jibu refu kuliko lile ninalowapa kwenye simu.

Kwa ndugu walio nyumbani ambao hawajamwona mnyama huyu, elki ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Wenyeji wa kabila la Shawnee walimwita wapiti, jina linalotokana na weupe wa matako yake. Dume aliyekomaa hufikisha kilo 300 na zaidi, yaani humzidi uzito tandala wetu mkubwa, na pembe zake zenye matawi huanguka kila mwaka baridi inapokwisha, kisha huota upya zote katika miezi michache ya majira ya machipuko na ya joto. Mwezi wa Septemba, wakati wa kupandana, dume hutoa mlio unaoanza chini kama mlango mzito unaosukumwa, kisha ukapanda na kuwa mbinja kali inayosikika kutoka bonde hadi bonde. Niliusikia mara ya kwanza alfajiri moja karibu na Fish Lake, mahali palipo mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, nikiwa sina hata leseni ya kuwinda sungura, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusubiri.

Vibali vya elki Utah ni vya namna mbalimbali, na wageni wengi huchanganya. Kipo kibali cha kawaida kinachouzwa mwezi wa Julai kwa anayewahi, ambacho hukuruhusu kuwinda dume mchanga ambaye pembe zake hazijatoa matawi, au dume yeyote katika vitalu vichache ambako madume wakubwa ni haba. Kisha kipo kibali cha vitalu vyenye idadi maalumu ya wawindaji, ambako mtu huruhusiwa kumchukua dume mkubwa, na hiki hakipatikani ila kwa droo. Uchache wake una sababu. Dume hafikii ukubwa wake kamili wa pembe hadi awe na umri wa miaka 8 hivi au zaidi, na kama kila mwenye bunduki angeingia kitaluni, hakuna dume ambaye angefikisha umri huo. Kwa hiyo idara imekiwekea kila kitalu lengo la wastani wa umri wa madume wanaouawa. Wawindaji huombwa kupeleka jino la mnyama waliyemwua, wataalamu wakalikata na kuhesabu miduara iliyomo kama inavyohesabiwa ya mti, na wastani ukishuka chini ya lengo vibali hupunguzwa, ukipanda huongezwa. Mimi naamini mpango huu ni wa haki kwa mnyama. Tunapaswa kulitazama kwa makini swali la pili, yaani haki kwa binadamu wanaosubiri.

Droo yenyewe hufanyika hivi. Kila mwaka unapoomba ukakosa, unapewa pointi moja ya nyongeza. Nusu ya vibali vya kila kitalu hutengwa kwa waombaji wenye pointi nyingi kuliko wengine wote, na nusu iliyobaki huchezeshwa kwa wote waliosalia, ila kila pointi uliyonayo hukupa namba moja zaidi ya bahati. Mwenye pointi 15 kama mimi hupewa namba 16, anayeomba mara ya kwanza hupewa moja, na kompyuta humhesabia kila mtu ile namba yake ndogo kuliko zote, kwa kuwa namba ndogo ndiyo hutangulia. Mwenye bahati akipata, pointi zake zote hufutwa na hana ruhusa ya kuomba tena elki dume wa droo kwa miaka 5. Mkazi wa Utah, zaidi ya hayo, huchagua mnyama mmoja tu kati ya elki, kulungu masikio-marefu na swala wa Marekani, kwa hiyo miaka yangu 15 ya elki ni miaka 15 ambayo sikuwaomba wale wengine wawili.

Sasa tupige hesabu, kwa namba nilizozitunga ili kuonyesha mwendo tu. Chukua kitalu chenye vibali 20. Kumi ni vya walio juu. Ikiwa watu 400 wana pointi nyingi kuliko wewe na wote wanakitaka kitalu hicho hicho, foleni itakufikia baada ya miaka 40, na hapo tumechukulia kwamba hakuna anayetoka kitalu kingine na kuhamia hicho. Lakini watu huhama. Mtu aliyekusanya pointi kwa miaka mingi huku akingoja kitalu kigumu huona nywele zimekuwa nyeupe, akaamua kuzitumia mahali pepesi, na ninyi mliodhani mmebakiza miaka miwili mnajikuta mmebakiza mitano. Kila mwaka pointi zinazohitajika hupanda kidogo, na aliyesimama katikati ya foleni husogea hatua moja huku mlango ukisogea hatua moja na robo.

Naeleza haya nikimfikiria jirani yangu. Ni mzee wa hapa hapa, mzaliwa wa bonde hili, na ndiye aliyenifundisha kusoma ramani, kupangusa bunduki na kutofautisha kwato za elki na za ndama wa ng'ombe. Mimi nilipoanza kuomba yeye tayari alikuwa na pointi nyingi, na alitaka kitu kimoja tu maishani: kibali cha bunduki cha katikati ya Septemba, wakati madume wanapiga mbinja. Kila Mei alikosa kwa pointi moja au mbili. Nilimshauri aombe msimu wa upinde au wa gobore, ambao hauhitaji pointi nyingi hivyo, akanijibu kwamba amesubiri sana kiasi kwamba hawezi kukubali kitu pungufu. Mwaka juzi daktari alimwekea mtungi wa oksijeni. Ana pointi 24. Haziwezi kurithiwa, haziwezi kuuzwa, na mlima ule hawezi kuupanda tena.

Karibuni tujadili.

Ruaha_Juu

Mkuu, nashukuru kwa elimu. Mimi niko Iringa, na nimesoma nikijiuliza jambo moja. Hapa kwetu kitalu cha uwindaji wa kitalii hupatikana kwa mnada, mwenye fedha huchukua, na fedha huingia serikalini chini ya usimamizi wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania. Majirani zetu Kenya waliamua tofauti kabisa, wakafunga uwindaji mwaka 1977. Huko Marekani, nchi ambayo kila kitu kina bei, kwa nini kibali adimu namna hii kisiuzwe kwa anayeweza kulipa, na fedha zikasaidie hifadhi?

Mkwezi_wa_Plateau

Ndugu yangu wa Ruaha, swali lako limegusa mzizi wa jambo lenyewe. Vichache huuzwa mnadani, na fedha zake hurudi kwenye hifadhi. Elki dume mashuhuri kuliko wote, aliyeuawa mwaka 2008 katika mlima Monroe hapa Utah na kupata alama 478 na 5/8 za ukubwa wa pembe, aliwindwa kwa kibali cha gavana kilichonunuliwa mnadani. Vipo pia vibali 200 vya aina mbalimbali za wanyama ambavyo kila mwaka huchezeshwa katika maonyesho ya uwindaji ya Salt Lake City, ambako mwombaji hulipa dola 5 kwa kila kibali anachoomba.

Lakini sehemu kubwa kabisa hubaki kwenye droo ya wote, na sababu ni historia. Watu wa nchi hii waliwahi kuwaacha wanyamapori mikononi mwa soko. Nyama, ngozi na hata meno ya elki viliuzwa, na kufikia mwaka 1900 elki waliobaki katika bara zima walikuwa wachache mno kulinganisha na mamilioni ya awali. Hapa Utah walikaribia kwisha kabisa, hata ikabidi katika miaka ya 1910 waletwe kwa treni na magari kutoka hifadhi ya Yellowstone. Kutokana na kidonda hicho wakaweka msingi kwamba mnyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya jimbo, na kwamba fundi wa bomba na mwenye kiwanda waingie droo moja. Gharama za hifadhi hulipwa kwa sehemu kubwa na leseni za wawindaji wenyewe, pamoja na kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi, kodi ambayo sheria ya mwaka 1937 iliielekeza kwenye hifadhi. Kwa hiyo hata mimi niliyekosa mara 15 nimechangia kila mwaka, kwa sababu huwezi kuomba bila kwanza kununua leseni. Hilo haliniumi. Mali ikiwa ya wote na ikawa haitoshi, kusubiri ndiyo bei yake, na kwangu mimi ni bei yenye heshima kuliko mnada.

Dada_wa_Flagstaff

Kaka Mkwezi, pole kwa mwaka huu, na pole zaidi kwa mzee jirani. Naomba niongeze habari za Arizona, kwa kuwa mfumo wetu hautembei kama wenu.

Elki wa asili wa Arizona walitoweka kabisa, na hawa tulionao ni uzao wa wanyama 83 walioletwa kutoka Yellowstone mwezi wa Februari 1913. Sisi hutenga asilimia 20 tu ya vibali kwa wenye pointi nyingi, na vinavyobaki huchezeshwa, kila pointi ikikupa namba ya ziada. Maana yake ni kwamba mtu mgeni ana matumaini makubwa zaidi huku kuliko Utah, na mkongwe ana uhakika mdogo zaidi. Ukihudhuria darasa la usalama wa uwindaji la jimbo unapata pointi moja ya kudumu, na ukiomba miaka 5 mfululizo unapata nyingine ya uaminifu. Ila jihadharini. Pointi ya uaminifu hupotea ukiruka mwaka mmoja, na usipoomba kwa miaka 5 mfululizo zile ulizokusanya hufutwa. Mimi nilijifungua Januari, tarehe ya mwisho ya elki huwa mapema Februari, na katika hekaheka za mtoto mchanga nikaipitisha. Sikuomba mwaka ule, na pointi yangu ya uaminifu ikaenda.

Nilipata kibali changu nikiwa na pointi 4, majike tu, mwezi wa Novemba, na nilimwangusha jike mmoja siku ya tatu. Nyama yake ilitulisha mwaka mzima. Watu wengi wanaosubiri dume hudharau kibali cha jike, na sijawahi kuwaelewa.

Mwana_Uvira

Ndugu zangu, salamu kutoka Lexington, Kentucky, ambako sisi Wakongomani tunaosema Kiswahili tumekuwa wengi hata mashuleni wanatafuta wakalimani. Watu husahau kwamba elki wako huku mashariki pia. Kati ya mwaka 1997 na 2002 jimbo hili lilileta elki zaidi ya 1,500 kutoka magharibi na kuwaachia katika wilaya za kusini-mashariki, juu ya ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe kisha ikapandwa majani. Mahali ambapo mlima ulikatwa kichwa pakawa malisho, na wanyama wakashika.

Hapa hakuna pointi kabisa. Droo ni bahati tupu, mwaka wako wa kwanza ni sawa na mwaka wa 20 wa mwenzako. Mimi huiona ni haki zaidi. Mtu aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi mwaka jana akiwa na umri wa miaka 45, mkimwambia aanze mkia wa foleni ya miaka 30, mmemfungia mlango bila kusema mmefunga. New Mexico na Idaho nao wamekataa pointi za elki. Naomba maoni ya mleta mada.

Mpanda_Ngazi

Wakuu, mimi ni mgeni, nina miezi 8 tangu nihamie Salt Lake City kutoka Dodoma kwa kazi, nina umri wa miaka 29. Baada ya kusoma haya nimekata tamaa kabla ya kuanza. Je, Mzee Mkwezi, ungekuwa mimi leo ungefanya nini? Na wewe mwenyewe utaendelea kuomba?

Mkwezi_wa_Plateau

Naanza na Mwana Uvira, kwa sababu hoja yake ni nzito. Nakubaliana nawe kwamba mfumo wa pointi humwadhibu aliyechelewa kuzaliwa au kuhamia, na tunaochelewa kuhamia ni sisi. Colorado ni mfano mgumu zaidi: pointi zao ni za kipaumbele, mwenye nyingi hutangulia, na vitalu vya 2, 10 na 201 huko kaskazini-magharibi huhitaji zaidi ya pointi 20, ingawa katika vitalu vigumu namna hiyo wameacha upenyo wa hadi asilimia 20 kwa bahati. Lakini nimewahi kuzungumza na wazee wa New Mexico ambao wameomba miaka 18 bila kupata hata mara moja, huku jirani yao akipata mara tatu. Bahati tupu nayo ina ukatili wake. Kama ningepewa kalamu, ningeuchukua mgao wa Arizona, ule wa sehemu ndogo kwa wakongwe na sehemu kubwa kwa wote. Nusu kwa nusu ya kwetu inawapa watu kama jirani yangu ahadi ambayo jimbo haliwezi kuitimiza kwa wakati.

Kijana wangu wa Dodoma, karibu Utah, na usikate tamaa. Umekwisha kutimiza miezi 6 ya makazi, kwa hiyo utaomba kama mkazi, na hiyo si neema ndogo, maana wageni wa majimbo mengine hutengewa kiasi cha asilimia 10 tu ya vibali. Soma darasa la uwindaji, ambalo ni lazima kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1965. Kisha anza kuomba mwaka ujao, lakini usiipange akili yako kana kwamba uko kwenye foleni ya benki. Kwa miaka yako ya mwanzo ya kuomba, kibali chako kiko katika ile nusu ya bahati, na pengine hakitakuja. Omba, kisha nenda kawinde.

Namaanisha hivi. Kibali cha kawaida cha dume mchanga hukuruhusu kuingia ndani ya vitalu vilevile vya droo, na hakigusi pointi zako hata moja. Mimi nimekinunua mara 11. Mara 9 nimerudi mikono mitupu, lakini nimekanyaga kila korongo la kitalu cha Plateau, najua maji yalipo Oktoba mabwawa ya juu yanapokauka, najua elki wanalala wapi upepo wa magharibi ukivuma, na nimepita mara nyingi kando ya Pando, ule msitu wa miti ya aspeni unaoenea hekta 43 hivi nao ni mti mmoja wenye mfumo mmoja wa mizizi. Nimewaona wenye vibali vya droo waliosubiri miaka 20, wakafika Septemba kwa mara ya kwanza katika kitalu wasichokijua, wakatumia siku nne kati ya tisa wakitafuta barabara. Kusubiri hakukuwafundisha kitu.

Soma pia taarifa za droo ambazo jimbo huchapisha kila mwaka. Zinaonyesha kwa kila kitalu na kila msimu waombaji walikuwa wangapi kwa kila idadi ya pointi, na wangapi walipata. Usitazame mstari wa juu peke yake. Tazama wangapi wamejazana juu yako, na linganisha na taarifa ya miaka mitatu iliyopita ya kitalu hichohicho, uone kundi linapungua au linanenepa. Linganisha bunduki, gobore na upinde. Na ukija kupata mtoto, fahamu kwamba anaruhusiwa kuanza kuomba mwaka anaotimiza miaka 12, ila mkiomba pamoja kama kundi, pointi zenu hujumlishwa, zikagawanywa na kushushwa hadi namba kamili: baba mwenye 20 na mtoto mwenye sifuri wanahesabiwa 10 kila mmoja.

Dada wa Flagstaff, umenisema nami nimekubali. Mwaka huu nimeomba jike kwa mara ya kwanza.

Umeuliza kama nitaendelea. Nitaendelea, lakini si kwa namna ile ya zamani. Mwakani ninaacha bunduki ya Septemba na kuomba gobore, ambako kwa taarifa za mwaka huu pointi zangu zinanisogeza karibu na mlango. Nimeshalinunua gobore lenyewe na kila Jumamosi ninapiga shabaha. Nina umri wa miaka 51, na magoti yangu bado yananisikiliza.

Mpanda_Ngazi

Asante sana, Mzee. Nimejiandikisha darasa la mwezi ujao. Je, Oktoba hii unakwenda tena na kibali cha dume mchanga? Ningeomba kufuatana nawe hata kama kazi yangu itakuwa kubeba maji.

Mkwezi_wa_Plateau

Ninakwenda, na nafasi ya kulala kwenye hema ipo. Leta viatu ulivyokwisha kuvizoea na koti zito, kwa sababu usiku maji hugeuka barafu ndani ya chupa. Jirani yangu ameomba tumpeleke naye. Tutamweka kambini kando ya ziwa, pamoja na mtungi wake, kiti chake na darubini yake, mahali anapoweza kuuona ukingo wote wa mlima wa mashariki. Anasema jua likichomoza elki huvuka pale kabla ya saa moja na nusu, na kwamba wakati wa chai atatuarifu kwa redio ya mkononi kama wamekaa upande wetu.

Nitumie namba yako faraghani.